Udongo wa miji ya theluji: kwa nini baridi huitunza sumu

Mwaka 1951, kando ya mji wa Yellowknife kaskazini mwa Kanada, mtoto mdogo wa jamii ya Wadene, wenyeji asilia wa huko, alikufa kwa sumu iliyotoka kwenye theluji. Kwao kuyeyusha theluji ili kupata maji ya kunywa lilikuwa jambo la kila siku, kama sisi tunavyokinga maji ya mvua chini ya bati. Theluji yenyewe ilikuwa nyeupe, haina harufu wala ladha ya ajabu. Ila juu yake ilikuwa imetua aseniki, unga mweupe uliotoka kwenye dohani ya mgodi wa dhahabu ulioitwa Giant. Familia ya marehemu ililipwa dola 750.

Dhahabu ya Giant ilikuwa imefungamana na jiwe lenye chuma, salfa na aseniki. Ili kuipata, wenye mgodi walilichoma jiwe hilo kwenye tanuri: salfa ikaondoka kama gesi, aseniki ikapaa kama mvuke, ikapoa hewani na kuanguka kama unga. Katika miaka ya mwanzo, 1949 hadi 1951, hapakuwa na mtambo wa kunasa vumbi hilo. Tani kadhaa ziliruka kila siku. Baadaye walipoanza kulinasa, waliliweka kwenye vyumba vya chini ya ardhi, na mpaka uchomaji ulipokoma mwaka 1999 walikuwa wameshalundika tani 237,000.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu wengi wetu tuna picha moja kuhusu nchi za kaskazini: baridi, weupe, usafi. Hakuna mtaro unaonuka, hakuna nzi. Picha hiyo ina ukweli kidogo, kwani baridi kweli huzuia uozo. Lakini kinachotusaidia dhidi ya uozo hakitusaidii hata chembe dhidi ya metali, kwa sababu metali haiozi. Kwenye udongo wa mjini, baridi ni kama jokofu. Ulichokiingiza utakikuta.

Tunaposema metali nzito tunamaanisha kundi lisilo na mipaka iliyonyooka: risasi, kadimi, zebaki, nikeli, shaba, zinki, kromi na wenzao. Aseniki si metali kamili, na wanakemia hununa ukiiweka humo, lakini kwenye udongo husafiri na kundi hilo na kuumiza vivyo hivyo, kwa hiyo nitaiacha ilipo. Jambo la msingi ni kwamba hizi ni elementi. Mafuta yakimwagika, bakteria wanaweza kuyala polepole mpaka yaishe. Dawa ya wadudu ina molekuli ambayo jua na vijidudu wanaweza kuivunja. Risasi haina cha kuvunjwa. Inaweza kuhama, kufukiwa, kuungana na kitu kingine au kuachana nacho. Kutoweka haiwezi.

Halafu kuna vipimo, na hapa wasomaji wengi hupotea. Udongo hupimwa kwa miligramu za metali katika kilo moja ya udongo kavu. Miligramu 100 kwa kilo ni sawa na kilo moja ya risasi iliyotawanyika katika tani 10 za udongo, yaani lori moja la kifusi. Udongo usioguswa na binadamu kwa kawaida huwa na miligramu chache za risasi, pengine 20 au 30. Kanada huhesabu 140 kuwa mwisho kwa udongo wa makazi. Norwe huweka 100 kwa shule za chekechea. Marekani ilikaa miaka mingi na 400, kisha Januari 2024 ikashuka hadi 200. Ukiona tofauti hizo usidhani watoto wa Marekani wana matumbo ya chuma. Viwango ni maamuzi ya watu: wanasayansi wanakadiria madhara, serikali inahesabu gharama ya kuchimba, na namba inatoka katikati. Kuna mahali ardhi yenyewe inaingilia. Kiwango cha aseniki cha Kanada ni 12, lakini Yellowknife ulipitishwa mwongozo wa 160 kwa makazi, kwa hoja kwamba miamba ya pale ina aseniki nyingi ya asili. Ni kweli inayo. Ni kweli pia kwamba moshi wa nusu karne ulitua juu ya miamba hiyo hiyo, na kutenganisha ya Mungu na ya mgodi si kazi rahisi.

Vyanzo vya mjini ni vilevile karibu kila pahali, kwa hiyo sitakaa hapo. Petroli yenye risasi iligunduliwa Marekani mwaka 1921, na kituo cha mwisho duniani kiliacha kuiuza mwaka 2021 huko Algeria: karibu miaka 100 ya kunyunyiza risasi barabarani. Ongeza rangi za zamani za nyumba, majivu ya makaa ya mawe, viwanda vya kuyeyusha madini, betri, breki, matairi. Miji ya mbao ya kaskazini ina chanzo kingine ambacho sisi hatukifikirii sana, nacho ni moto. Bergen, pwani ya Norwe, imeungua mara nyingi katika historia yake, na mwaka 1916 sehemu kubwa ya kati ya mji iliteketea. Rangi, vioo, mabomba, mapaa, vyote hugeuka majivu, majivu husawazishwa, na nyumba mpya hujengwa juu yake.

Sasa twende kwenye baridi yenyewe.

Wakati wa kipupwe jua la kaskazini hukaa chini, na kwingine halichomozi kabisa kwa wiki kadhaa. Ardhi hupoa kuliko hewa iliyo juu yake. Hewa baridi ni nzito, hivyo hutulia chini, na hewa ya vuguvugu hukaa juu yake kama kifuniko cha sufuria. Moshi hupanda kidogo, hugonga kifuniko, hurudi mtaani. Fairbanks, Alaska, unafahamika kwa hali hii. Na ubaya wake ni kwamba kifuniko hufungwa siku zilezile ambazo kila nyumba inachoma kuni, mafuta au makaa kwa nguvu zote.

Kinachoshuka hakigusi udongo moja kwa moja. Kinatua kwenye theluji, na theluji hutunza kama daftari la mkopo la dukani: kila siku mstari mmoja, miezi mitano au sita, bila kulipwa. Magari ya kusafisha barabara huikusanya na kuirundika penye nafasi, na mara nyingi nafasi hiyo ni uwanja wa wazi, ukingo wa mto, au kona ya maegesho. Kisha joto linarudi na deni lote linadaiwa kwa mkupuo. Maji ya kwanza kutoka kwenye rundo la theluji ndiyo makali zaidi. Chembe ya theluji inapoyeyuka na kuganda tena na tena, chumvi na tindikali husukumwa nje ya fuwele, kwa hiyo theluthi ya kwanza ya maji inaweza kubeba zaidi ya nusu ya vitu vilivyoyeyuka. Metali zilizoshikamana na vumbi hufanya kinyume. Zenyewe hubaki nyuma mpaka mwisho, na rundo likiisha unaona pale chini tope jeusi lenye mchanga na vipande vya lami. Hilo tope ndilo udongo wa kesho.

Na maji hayo ya kwanza hayana pa kuingia. Ardhi chini bado imeganda kama saruji. Yanateleza juu juu mpaka yapate bonde dogo, mtaro, au ua wa nyumba uliokaa chini kuliko barabara. Ndiyo maana katika mtaa mmoja unaweza kukuta kiwanja kilicho sawa na jirani yake hakifai.

Kuna chumvi pia. Miji hii hunyunyiza chumvi barabarani kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo huishia kwenye udongo wa kandokando. Chembe za udongo wa mfinyanzi na mboji zina viti vyenye chaji ya umeme ambavyo metali hukalia. Sodiamu ya chumvi ikija kwa wingi hufanya kama abiria wa daladala saa moja asubuhi: inasukuma mpaka waliokaa wanainuka. Klorini nayo huishika kadimi mkono na kutoka nayo majini. Juu ya hayo, Norwe, Uswidi na Ufini hutumia matairi yenye misumari ili yasiteleze, na misumari hiyo huila lami kipupwe kizima. Mwezi Machi na Aprili, theluji ikikauka, miji kama Helsinki huwa na msimu wa vumbi la barabarani ambao wenyeji wanaujua vizuri kuliko sisi tunavyoujua msimu wa maembe.

Udongo wenyewe hufanya kazi polepole. Jani likianguka Usambara, baada ya miezi michache mchwa, kuvu na minyoo wameshalimaliza na kulichanganya chini. Huko kaskazini majani hukaa miaka, tabaka juu ya tabaka, na kutengeneza zulia la mboji mbichi. Risasi hupenda mboji kupita kiasi. Ikishaishika haiiachii, na kwa kuwa hakuna wa kuipeleka chini, hubaki katika sentimita chache za juu kwa mamia ya miaka. Ile iliyotoka kwenye mabomba ya magari ya mwaka 1970 bado iko pale, kina cha kidole cha mtoto. Kadimi, zinki na nikeli zina tabia tofauti. Misitu ya misonobari hufanya udongo kuwa na tindikali, na kwenye tindikali metali hizi hulegea na kushuka mpaka kwenye maji ya chini. Kwa hiyo anayekuambia kwamba udongo wa baridi "hushikilia" au "huachilia" metali amekueleza nusu. Kwanza muulize, metali ipi?

Mwisho wa ufundi huu ni kuganda na kuyeyuka. Maji yakiwa barafu hupanuka kwa takriban asilimia 9. Mabonge ya udongo hupasuka, mawe husukumwa juu kila mwaka, na kile kilichofukiwa mwaka wa kwanza huchungulia mwaka wa kumi. Wakulima wa huko husema mashamba yao yanazaa mawe. Dampo la zamani lililofunikwa kwa udongo mwembamba huzaa kwa namna hiyohiyo.

Ukitaka kuona haya yote yakikutana, tazama Norilsk, Urusi, juu ya mstari wa Aktiki. Ulianzishwa mwaka 1935 kama kambi ya wafungwa, wakayeyusha nikeli na shaba, na leo ni mji wa watu zaidi ya laki moja na nusu. Mmoja wa mitambo yake ya nikeli ulisimama karibu na makazi mpaka ulipofungwa mwaka 2016. Nyumba zimejengwa juu ya nguzo kwa sababu ardhi ya chini haijawahi kuyeyuka, au tuseme ilikuwa haijawahi. Gesi ya salfa ndiyo iliyoua miti kwa mamia ya maelfu ya hekta, na miti ikifa hakuna mizizi ya kushika udongo, na udongo wenye metali unapeperushwa tena. Sumu mbili, moja inamfungulia mwenzake mlango.

Lakini mtu hali udongo. Hapa ndipo mabishano mengi huanzia, na ni kweli kwamba mtu mzima hali udongo. Mtoto anakula. Anatambaa, anashika, anaingiza vidole mdomoni, na wastani wa makumi ya miligramu za udongo kwa siku unatosha. Mwili hauna kazi ya kuipa risasi, ila huidhania kuwa kalsiamu, ukaiweka kwenye mifupa ambako hukaa miongo. Kwenye ubongo unaojengwa huvuruga mawasiliano ya neva. Mtoto mwenye upungufu wa madini ya chuma au kalsiamu huifyonza zaidi, kwa hiyo umaskini huongeza dozi hata pale udongo unapokuwa uleule. Kuna la kuongeza ambalo ripoti nyingi huliruka: namba ya jumla ya risasi haitoshi. Risasi ya rangi za zamani huyeyuka upesi kwenye tindikali ya tumbo, wakati ile iliyo bado ndani ya jiwe la madini huyeyuka kwa shida. Siku hizi maabara huuchovya udongo kwenye kimiminika kinachoiga tumbo, kuona ni kiasi gani kitatoka.

Norwe walilichukulia jambo hili kwa upande wa mtoto, na kwa maoni yangu ndiko walikopatia. Watafiti wa taasisi yao ya jiolojia walianza kuchota udongo mijini, Bergen na Trondheim miongoni mwake, wakaona kwamba viwanja vya chekechea vya katikati ya miji vimebeba mzigo mzito kuliko vya pembezoni. Walikuta pia aseniki mahali pasipo na kiwanda wala mgodi: chini ya bembea na ngazi za kuchezea. Mbao zilikuwa zimepakwa dawa ya shaba, kromi na aseniki ili zisioze kwa unyevu, na mvua ilikuwa inazichuja mpaka kwenye mchanga wa watoto. Norwe ilipiga marufuku mbao hizo mwaka 2002, kisha serikali ikaanzisha mpango wa kitaifa wa kupima chekechea katika miji mikubwa na maeneo ya viwanda, na kubadilisha udongo ulipozidi kiwango. Hawakungoja mtoto augue kwanza.

Kwetu tumewahi kungoja. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilitia risasi kwenye udongo na damu za watu, na ilichukua kampeni ya miaka mingi ya Phyllis Omido na wenzake mpaka mahakama ya mazingira mwaka 2020 ikaamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Kikemia, risasi ya Mombasa na ya Trondheim ni moja. Tofauti ni ratiba. Mombasa vumbi linaingia nyumbani mwaka mzima, Trondheim theluji inalifunika nusu mwaka, na vipimo vya damu za watoto wa nchi za baridi hupanda majira ya joto, wakati ardhi iko wazi na watoto wako nje.

Na wapo wa kwetu huko. Kusini mwa Minneapolis, mtaa wa East Phillips, wanaishi wenyeji asilia wa Marekani, Walatino, na watu wengi wa Afrika Mashariki. Kulikuwa na kiwanda cha dawa ya wadudu yenye aseniki, na upepo ulisambaza unga wake juu ya paa za jirani. Kiwanda kiliondoka miaka ya 1960. Sumu iligunduliwa mwaka 1994 barabara ya Hiawatha ilipokuwa ikitengenezwa. Serikali ilipima maelfu ya viwanja, ikachimba udongo wa mamia, na kumaliza mwaka 2011. Ukihamia mji kama huo na kupewa kijishamba cha mtaa, usikimbilie kupanda mchicha. Mchicha na jamii ya majani mapana huvuta kadimi kwa bidii, na majani yake hurushiwa matope na mvua. Nyanya na maharage hubeba kidogo kuliko mchicha. Pima udongo kwanza, vyuo vikuu vingi hupima kwa bei nafuu. Ukiwa na shaka, jenga kitanda cha mbao zisizo na dawa, tandika kitambaa chini, ujaze udongo wa kununua. Na viatu viachwe mlangoni. Wataalamu wa afya wa huko hulihubiri hilo kama ugunduzi, nasi tumelikuta kwa bibi zetu.

Kusafisha mji mzima ni habari nyingine. Kuchimba na kupeleka kwingine kunafanya kazi, lakini ni ghali, na huko kaskazini kuna miezi michache tu ambayo sururu inaingia ardhini. Sudbury, Ontario, walikwenda njia tofauti. Miongo mingi ya kuyeyusha nikeli na shaba iliacha vilima vyeusi visivyo na jani. (Utasikia kwamba wanaanga wa Apollo walipelekwa pale kwa kuwa palifanana na mwezi. Si hivyo. Walikwenda kuangalia miamba iliyopasuliwa na kimondo cha kale.) Kuanzia mwaka 1978 watu wa mji walipanda vilimani na magunia ya chokaa, wakayamwaga kwa mikono. Chokaa huua tindikali, na tindikali ikiisha nikeli na shaba hugoma kuyeyuka, mizizi ikapata nafasi. Miti zaidi ya milioni 10 imepandwa. Metali bado zipo palepale, zimelazwa tu, na zitaamka siku udongo ukirudia tindikali yake.

Yellowknife hawana hata njia hiyo, maana aseniki yao huyeyuka kwenye maji. Walipoiweka chini ya ardhi walitegemea barafu ya kudumu ingeifunga, lakini mgodi wenyewe ulikuwa umeipasha moto ardhi, barafu ikarudi nyuma. Sasa wanairudisha kwa mabomba marefu yaliyosimikwa kuzunguka vyumba. Ndani ya kila bomba kuna gesi ya kaboni dayoksaidi. Kipupwe kikifika, gesi ya juu hupoa na kuwa kimiminika, huteremka, hukutana na joto la ardhi, huchemka, hupanda tena na kulitoa joto hewani. Halihitaji umeme. Majira ya joto hujizima lenyewe. Kazi yote ya kusafisha mgodi imekadiriwa kugharimu zaidi ya dola bilioni 4 za Kanada, na imepangwa iende hadi mwaka 2038.

Mpango huo umepewa upeo wa miaka 100, huku wakitafuta njia nyingine. Aseniki haina upeo. Watafiti na wazee wa Kidene wamekuwa wakijadili namna ya kuwaonya watakaoishi pale baada ya vizazi vingi, kama itumike alama, mnara wa mawe, au hadithi ya kusimulia watoto. Wadene wana sababu ya kulitilia mkazo. Maonyo ya miaka ya 1950 kuhusu theluji yaliandikwa kwa Kiingereza, na wengi wao hawakuwa wanakisoma.